Tuwatoe watoto wetu: Matembezi ya familia hayahitaji utajiri

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa moja likizo ya shule ilipokuwa inakaribia, nilikuwa nimekaa barazani pa msikiti nikifunga viatu baada ya sala. Akanijia ndugu mmoja ninayemfahamu, fundi cherehani mwenye watoto wanne, mtu wa safu ya kwanza na mwenye aibu ya kuomba chochote.

“Shehe wangu,” akasema, “naomba dakika mbili tu.”

“Zichukue hata kumi, ndugu yangu.”

Akaniambia kwamba kila likizo watoto wake walikuwa wakimwomba awapeleke mahali. Jirani yake huwapeleka wake kwenye mabembea ya umeme na mabwawa ya kuogelea, nao hurudi na hadithi za wiki nzima. Yeye kila mara aliwajibu wake kwamba wasubiri mambo yatengemae. “Mwaka huu hawakuniomba,” akasema. “Nikamwuliza mwanangu wa kiume, ana miaka kumi, mbona safari hii kimya? Akaniambia, ‘Usijali baba, tunajua huna.’ Shehe, hakunilaumu. Lau angenilaumu ingekuwa nafuu.”

Sikuwa na jibu la haraka. Mzazi anayeombwa bado ana heshima ya kuombwa. Mtoto aliyeacha kuomba amekwisha kuhukumu. Nikamwahidi kwamba nitalifikiri jambo lake, na makala haya ni sehemu ya jibu nililompa. Nimeona nilieneze, kwa kuwa najua nyumba zenye kilio kama chake ni nyingi, na wengi wenye kilio hicho hawasemi.

Kumfurahisha mtoto ni katika haki zake

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa mcha Mungu hapaswi kushughulika na michezo, na kwamba baba akishaleta unga, ada ya shule na nguo ya Idi amemaliza wajibu. Tukiitazama sira ya Mtume (S.A.W.) tunaona kinyume chake. Alishindana mbio na mkewe bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, alimwacha atazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya sikukuu mpaka yeye mwenyewe alipochoka, na alipomkuta mtoto mdogo, Abu Umayr, ana huzuni, alimwuliza habari za ndege wake aliyekuwa akicheza naye. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe wa kuwapokea, alikuwa anajua habari za ndege wa mtoto.

Tuzingatie pia kwamba katika mifano yote hiyo hakuna dinari iliyotolewa. Kilichotolewa ni muda na uangalifu. Vitu hivyo viwili fundi cherehani anavyo kama alivyonavyo tajiri, na pengine tajiri anavyo kwa uchache zaidi.

Tulipotelea wapi basi? Nadhani tulipotea tulipoanza kufikiri kwamba matembezi ni bidhaa inayonunuliwa mlangoni kwa tiketi. Chukua mfano wa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Ni neema kubwa, na kila mtoto anataka kuipanda. Lakini ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Baba, mama na watoto wanne, kwenda na kurudi, ni shilingi 104,000 kabla hajanunuliwa mtu hata chupa ya maji. Mwenye uwezo na aende, Mwenyezi Mungu amzidishie. Asiye nao asijione kuwa amefungiwa dunia, kwani mambo mengi ya kumshangaza mtoto yako umbali wa daladala moja au mwendo wa miguu, na ratiba yake imetundikwa ukutani kwake.

Kalenda iliyo ukutani

Takriban kila nyumba ya Kiislamu ina kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo. Aghalabu twaitazama kwa ajili ya Ramadhani na Idi tu. Ilhali Qur’ani, katika Sura ya Al-Baqara, inatufahamisha kwamba miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Wazee wetu wa pwani waliielewa aya hiyo kwa miguu yao, maana walijua kwa tarehe ya mwezi lini watapata pweza, lini ngalawa itaweza kupita juu ya mwamba, na lini watoto waachwe wacheze ufukweni na lini wazuiwe.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupata bamvua, yaani maji hupwa mno na kujaa mno. Katika pwani yetu tofauti baina ya kupwa na kujaa siku hizo huzidi mita 3, kina kinachomfunika mtu mzima na kumpita. Kati ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Na kila siku nyakati za kupwa na kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 40 hadi 50.

Kwa hiyo, anayetaka kuwaonyesha watoto mwamba uliofunuka achague siku tatu au nne za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu, au kuanzia tarehe 15 hadi 18 hivi. Siku ya kwanza ya bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa 4:30 hadi saa 5:30 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kidogo. Familia ifike ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kuisha, iyafuate yanavyorudi nyuma, na ianze kurejea mara tu yanapogeuka. Jedwali la kupwa na kujaa huchapishwa kila mwaka kwa ajili ya bandari, na mvuvi yeyote uliyemkuta akishona nyavu atakwambia saa bila malipo.

Watoto wataona nini hapo? Wataona kaa wanaokwenda kwa ubavu. Konokono waliohamia katika makombe ya wenzao. Kiti cha pweza mwenye mikono mitano. Jongoo bahari aliyelala kama gogo. Vidimbwi vyenye samaki wadogo kuliko kidole. Na kina mama wenye ndoo wakichokoa riziki yao kwenye matundu ya mawe. Kwa mtoto aliyeizoea dunia ndani ya simu ya mkononi, dimbwi moja la mwambani humshughulisha mpaka Adhuhuri. Avae viatu vya kufungwa, kwa sababu miamba inakata na wapo viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Na afundishwe kwamba kila alichokiinua akirudishe pale pale alipokikuta, kwa kuwa nacho kina nyumba yake.

Jioni nazo zina zawadi zake. Pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki, upande linakochomoza jua na mwezi. Jioni ya kuamkia tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, mbingu ikiwa safi, mwezi mpevu huchomoza baharini karibu na wakati wa Magharibi, mwekundu na mkubwa. Salini Magharibi hapo hapo ufukweni, kisha kaeni mtazame. Na mwezi 29 geukeni upande wa pili. Tafuteni mahali palipo wazi kuelekea magharibi, kilimani au uwanjani, mtoke pamoja kuutafuta mwezi mwandamo mara tu jua linapozama. Msiyafanye hayo kwa Ramadhani pekee. Kila mwezi una ishirini na tisa yake. Mtoto aliyeuona mwandamo kwa macho yake mwenyewe hataisahau jioni ile, na siku watu wazima watakapobishana juu ya mwezi atakuwa na ujuzi wa kuanzia.

Kosa langu mwenyewe

Nikiyasema haya siyasemi kama mtu aliyezaliwa nayo. Katika miaka ya 1990, nikiwa mwalimu wa madrasa ambaye ndevu hazijatimia, niliwachukua wanafunzi kumi na tano kwenda ufukweni siku ya Idi el-Fitri. Tulifika baada ya Adhuhuri. Tulikuta miamba mingine bado i wazi, watoto wakatawanyika kutafuta kaa, nami nikatandika mkeka nikaanza mazungumzo na rafiki niliyemkuta pale.

Ilipokaribia Alasiri nikawaita na kuwahesabu. Walikuwa kumi na wanne. Tulimwona wa kumi na tano, mtoto wa miaka minane, amesimama juu ya jiwe ambalo lilipokuwa saa saba lilikuwa nchi kavu. Sasa maji yamelizunguka, na baina yake na sisi palikuwa na mkondo uliofika kifuani mwa mtu mzima. Alikuwa halii. Alikuwa ameishika kanzu yake mpya juu ya magoti isiroe.

Mvuvi mmoja alikwenda na mtumbwi wake akamleta. Alipomshusha aliniangalia kwa utulivu, akasema: “Mwalimu, leo mwezi mosi. Hukujua?”

Nilijua mwezi mosi. Usiku uliotangulia nilikuwa miongoni mwa waliotoka kuutafuta mwezi huo huo, na nilipiga takbira ulipoonekana. Nisichokijua ni kwamba Idi el-Fitri, kwa kuwa ni siku ya kwanza ya Shawwal, daima huangukia katika bamvua, na kwamba bahari hujaa kabisa alasiri hiyo, kwenye saa 10:30 hadi saa 11:30 jioni, wakati ule ule ambao umma mzima umevaa vizuri na kumiminika ufukweni. Elimu ya mwezi ilikuwa kitabuni kwangu; kwa mvuvi ilikuwa majini.

Basi, enyi wazazi, lishikeni hili. Siku ya Idi el-Fitri mwendao baharini nendeni asubuhi baada ya sala, na ikifika saa saba watoto wawe wametoka mwambani. Alasiri kaeni mchangani, mbali na mawe, na mtu mzima mmoja awe hana kazi nyingine isipokuwa kuwatazama. Asiwe mpishi, asiwe na simu, asiwe na mgeni. Idi el-Hajj, inayokuwa mwezi 10 Dhul-Hijja, huangukia karibu na maji mafu, hivyo msitazamie kuona mwamba mkubwa, ingawa tahadhari ya maji ni ile ile. Na bamvua za karibu na mwezi Machi na Septemba kwa kawaida ndizo kubwa kuliko zote za mwaka.

Kila msimu na neema yake

Baada ya mwezi kuna mwaka wa jua, nao una milango yake minne katika nchi yetu.

Januari na Februari ni kiangazi, upepo wa kaskazi unavuma na jua ni kali. Matembezi ya wakati huu yawe baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri. Kutembea na watoto mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kabla magari hayajaamka, ni starehe ambayo wengi hawajaijaribu. Mtaa mnaoujua unakuwa mgeni, ndege wanasikika, na mtoto anapata kuuliza maswali ambayo mchana hayasikiki.

Machi hadi Mei ni masika. Hapo watoto hufungiwa ndani, nao huchoka na kugombana. Mpe kila mtoto kopo lenye udongo na punje tatu za kunde au mahindi. Siku chache baadaye utaona wanaamka mapema kuliko walivyozoea ili kutazama. Kata chupa ya plastiki, iweke uani, mtoto apime kwa rula mvua ya kila usiku na kuiandika daftarini. Katika siku zenye mapumziko ya mvua nendeni mahali penye paa, na hapa chini nitapataja. Lakini mitaro na mabonde yanayofurika si mahali pa michezo hata kidogo. Maji ya mtaro humchukua mtoto katika muda wa kuitika jina lake.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Hewa ni ya baridi kiasi, na shule hufungwa mwezi Juni. Huu ndio wakati wa mwendo mrefu wa miguu. Mwishoni mwa Juni huanza Maonesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, na mwanzoni mwa Agosti maonesho ya wakulima ya Nane Nane katika kanda mbalimbali za nchi. Penye Nane Nane karibu nawe usipakose, kwa kuwa mtoto wa mjini atamwona ng’ombe wa maziwa, bwawa la samaki na aina za mpunga, na wataalamu wako pale wakingoja kuulizwa. Kule Sabasaba weka ahadi kabla ya kutoka nyumbani, kwamba tumekuja kutazama na kila mtu atachagua kitu kimoja kidogo. Ahadi iliyotangulia huzuia machozi ya baadaye.

Oktoba hadi Desemba ni vuli, na Desemba ni likizo ndefu. Korosho huvunwa na mabibo hujaa chini ya mikorosho. Maembe huanza kuiva. Na mananasi ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, humiminika sokoni. Wenye babu na bibi shambani wawapeleke watoto huko, kwani hakuna matembezi yanayoshinda kuunga udugu. Wasio na shamba wawachukue watoto mapema asubuhi mpaka soko la matunda, wawape shilingi kidogo mkononi na kuwaachia kazi ya kuchagua, kuuliza bei na kuhesabu chenji.

Yaliyo karibu nasi

Sasa nitaje mahali. Mkazi wa Dar es Salaam aanze na kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Nauli ya mwenda kwa miguu ni ndogo mno, na kwa mtoto hiyo ni safari ya meli: kamba zinafunguliwa, maji yanachemka nyuma, meli kubwa zinapita mlangoni mwa bandari. Wakati wa kurudi piteni soko la samaki la Feri, mwonyeshe changu, nguru, taa na kolekole, na mwulize yupi anadhani anaishi mwambani na yupi kwenye kina kirefu.

Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert yalifunguliwa mwaka 1940. Ndiyo yanayohifadhi fuvu maarufu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na humo pia mna magari ya zamani yaliyowabeba viongozi wetu, ambayo wavulana hawataki kuyaacha. Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni, na jirani yake kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa zama za Wajerumani. Kijiji cha Makumbusho, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mtoto aingie msonge wa Wahaya, ainame mlangoni, kisha aulizwe kwa nini waliojenga pale Bukoba hawakujenga kama waliojenga pwani. Jibu lipo katika mvua, miti na majani ya kila mahali, naye anaweza kulifikia mwenyewe.

Huko Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo wajenzi wake waliyapamba kwa vyombo vya kaure kutoka China. Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukirejeshwa na wataalamu hadi karne ya 13, pamoja na makaburi yapatayo thelathini. Mtoto wa Kiislamu anayesimama mbele ya kibla kilichojengwa na watu wa pwani hii zaidi ya miaka mia saba iliyopita anafahamu kwamba dini yake haikufika hapa jana. Msome salamu ya makaburi pamoja, msipande juu ya kuta, na msiandike majina.

Wapendao vivuli wana misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Msiingie wenyewe, nendeni kwa utaratibu wa hifadhi na pamoja na mwenyeji anayezijua njia. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni vizuri sana, lakini boti na kiingilio hugharimu, hivyo viwekewe akiba vije mara moja kwa mwaka.

Nawe uliye nje ya Dar es Salaam usidhani umesahauliwa. Tanga pana mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Mwanza pana kisiwa cha Saanane mbele ya mji. Unguja watu wana Forodhani jioni. Mombasa ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 ingali imesimama. Niliyoyasema juu ya bamvua ni sahihi kwa pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara. Maziwa hayapwi wala hayajai kama bahari, lakini nayo yana mawimbi na vina vya ghafla, na katika baadhi ya sehemu mamba na viboko. Mwulize mwenyeji kabla mtoto hajatia mguu majini.

Adabu na gharama

Yapo mambo matano ambayo yakizingatiwa matembezi huwa ibada, na yakipuuzwa huwa uchovu.

Kwanza, kadiria gharama usiku wa kabla. Nauli, maji kutoka nyumbani, maandazi au chapati za jana, tende, na mihogo ya kukaanga ikibidi. Ukitoka bila chakula utanunua kwa njaa, na anayenunua kwa njaa hakumbuki israfu.

Pili, siku ya matembezi isiwe siku ya adhabu kwa mama. Nimeziona familia ambazo baba na watoto wanastarehe, na mama ameamka saa tisa usiku kupika pilau, akabeba masufuria, akaosha vyombo kwa maji ya chumvi, akarudi amechoka kuliko siku ya kufua. Pikeni kidogo, bebeni wote, naye apate saa moja ya kukaa tu na kuitazama bahari.

Tatu, wasichana watoke kama wavulana. Mtume (S.A.W.) aliamuru hata wanawali walio majumbani watolewe kwenda kwenye uwanja wa sala ya Idi. Stara na uangalizi vinawezekana ufukweni na msituni, na visitumiwe kuwa sababu ya kumfungia binti ndani mwaka mzima.

Nne, sala isipotee. Pangeni safari kuizunguka sala. Beba jamvi na kopo la kutawadhia, na umwachie mtoto mkubwa kazi ya kutafuta upande wa kibla kwa jua.

Tano, mchukue na mtoto asiye wako. Mtaani kuna yatima, na kuna mtoto ambaye baba yake yuko kitandani. Nafasi moja zaidi kwenye jamvi haimfilisi mtu, na nauli ya mtoto mmoja ni sadaka nyepesi kuliko tunavyodhani.

Baada ya mwezi mmoja

Nilimweleza yule fundi machache kati ya haya, tukaitazama pamoja kalenda ya msikiti. Aliondoka hakusema kitu.

Mwezi ulipopita alinijia tena, safari hii akiwa na mwanawe. Waliondoka nyumbani mwezi 16, akaniambia, wakafika pwani saa tatu asubuhi, wakarudi kabla ya Adhuhuri. Alitumia nauli na mihogo, na alichelewa kukabidhi suruali mbili za wateja. Mtoto akamkatiza baba yake ili anieleze habari za kiti cha pweza aliyekuwa na mikono minne, na kwamba wa tano ulikuwa unaanza kuota. Kisha akauliza: “Shehe, bamvua nyingine lini?”

Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akatazama kalenda, akahesabu kwa vidole, akapata. Akamgeukia baba yake akamwomba wamchukue na binamu yake. Baba akasema inshallah, na safari hii haikuwa inshallah ya kukwepa.

Ndugu msomaji, utoto ni mfupi na haurudiwi. Fungua kalenda yako leo kabla ya Magharibi, itazame tarehe ya mwezi, uwaite watoto, uchague nao siku.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu majini na nchi kavu, na atujaalie kuwa wazazi ambao watoto wao hawachoki kuwaomba. Wabillahi taufiq.